Fomu Haikuuliza Habari ya Mbegu

Matinyani,
Jumapili, 11 Septemba 2022

Kathini mwana wa Muthoki,

Upo hai? Mimi nipo. Mtoto wako naye yupo, ameng'oka jino la mbele na anaringa nalo kama aliyeota pembe. Magoti yangu ni yale yale. Mbuzi wamebaki wawili, usiulize. Kile kisima cha mchangani kule mtoni kimefika kina cha mtu mzima na nusu, na maji yanatoka kijiko kijiko, lakini yanatoka.

Usinipigie tena kwa simu ya jirani yetu Nduku. Simu ni yake, na akishanipa haondoki. Anasimama hapo na ungo anajifanya anapepeta, na hakuna cha kupepeta. Ukiwa na neno liandike umpe Mutisya, lori lake la vitunguu linapita hapa. Najua kusoma. Darasa la tatu na miaka miwili ya ngumbaru si mchezo, na mwalimu alisema mwandiko wangu unawashinda wenye digrii. Wewe una digrii na barua ya mwisho uliniandikia Pasaka.

Sasa neno lililonikalisha chini. Jumanne alikuja msichana wenu wa fomu. Anaitwa Hamdi, baba yake ana duka Mtito Andei. Amejitanda vizuri, anavua viatu mlangoni, ana adabu kukushinda. Alikuwa na simu kubwa kama kibao cha kukatia mboga. Nikamkaribisha jikoni kwa sababu nje jua lilikuwa linaua.

Akaanza: "Mama, katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mtu wa nyumba hii alilala bila kula?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Wewe binti, unaona mtu hapa ameanguka?"

"Ni lazima niulize, mama."

"Basi umeuliza."

Akaniuliza kama ninaridhika na chakula chetu: sana, kiasi, kidogo, au hapana kabisa. Nikamwambia kuridhika ni neno la watu walioshiba. Akasema ni lazima nichague moja. Nikamwambia achague yeye, ndiye mwenye simu. Akabonyeza. Sijui alibonyeza gani.

Nikampa muthokoi, mahindi nimeyakoboa mwenyewe kwa kinu. Alikula akamaliza, akalamba vidole akifikiri sioni. Mgeni hatoki kwa Kaveke na tumbo tupu, hata akiwa amekuja kutuhesabu.

Niambie basi. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea miaka yote hiyo? Kuzunguka kwa watu ukiwauliza kama wamekula? Hiyo ningekufanyia nikiwa nimekaa kwa kigoda.

Karatasi imeisha.

Mimi bibi yako,
Kaveke wa Mwau


Mukuyuni,
25 Septemba 2022

Susu, shikamoo.

Mimi ni mzima, nimechoka tu. Tunaamka saa kumi na moja, tunarudi giza limeingia, na Jumapili tunajaza yale tuliyoyaacha wiki nzima. Mbusu Muthoki mdogo hapo palipong'oka jino. Mwambie mama yake hajamsahau.

Nisamehe kwa Pasaka. Sina la kujitetea.

Umeuliza kazi yangu ni gani, nami sijawahi kukueleza vizuri. Kuna njia mbili za kuwajua watu, Susu. Ya kwanza inaitwa utafiti wa kitakwimu. Unachukua swali moja, unaliuliza katika nyumba nyingi kwa maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza, na majibu yanakuwa namba. Ukimaliza unajua ni wangapi. Ndiyo maana Hamdi hakuweza kuacha swali lipite. Njia ya pili ni utafiti wa kimaelezo. Unakaa na watu wachache, unawaacha waongee, unaangalia wanavyoishi, unauliza ni vipi na kwa nini. Hapo hupati wangapi, unapata sababu.

Mradi wetu ulipangiwa njia zote mbili. Bwana Kimeu, mkubwa wetu, akaifuta ya pili. Alisema mazungumzo yanakula muda na mvua haingoji. Kwa hivyo ni fomu tu.

Hizo fomu ndizo zitakazoamua ni wapi mbegu za msaada zipelekwe kabla ya mvua ya Novemba. Nyumba sitini za Matinyani ziliulizwa, na karibu zote zimejibu kama wewe, kwamba hakuna siku waliyolala njaa. Nilipoyaona hayo majibu nilimshukuru Mungu. Hapa Makueni kuna vijiji vimejibu siku tatu, siku nne. Nikasema angalau kwetu wako sawa.

Umeshaanza kutayarisha shamba? Mbegu umeshachagua? Mwaka huu utatangulia na mahindi au kunde?

Mjukuu wako,
Kathini


Matinyani,
9 Oktoba 2022

Kathini,

Barua yako imelala kwa Mutisya siku kumi, na imefika ikinuka vitunguu. Nimemwambia auze vitunguu tu, barua za watu aache. Akacheka. Hana haya.

Mtoto ni mzima. Kanisani wameimba sana wiki hii, wameomba mvua mpaka mchungaji akakauka sauti. Mimi sikuimba, kifua hakitaki.

Hizo njia zako mbili nilizijua kabla mama yako hajazaliwa. Nilipokuja kuposwa, mbuzi walihesabiwa na wanaume. Walikaa siku nzima wakihesabu. Lakini kabla ya hapo mama yangu alikuwa amemtuma shangazi akakae kijiji kile siku tatu, akijifanya anatafuta mbuzi aliyepotea. Shangazi aliporudi hakutaja idadi ya kitu chochote. Alisema hivi: "Yule mama mkwe hapandishi sauti mbele ya wageni, lakini mbwa wao wakimwona wanakimbia." Nikaolewa hata hivyo kwa sababu mbuzi walikuwa wengi, na miaka kumi na minane nilikuwa mimi na wale mbwa, sote tunakimbia. Kwa hivyo usiniletee Kimeu. Kimeu ni wale wanaume wa mbuzi.

Shamba la Nduku halijaguswa. Nikamuuliza kwa nini hachimbi, akasema ni mgongo. Nduku hana ugonjwa wa mgongo, juzi nilimwona ameubeba mtungi kama msichana. Wengine pia wananyamaza. Mwaka mwingine wakati huu watu wangekuwa wanatukanana kwa mipaka.

Lingine. Alhamisi chifu alisema barazani kwamba mbegu za msaada zinakuja, lakini Matinyani haimo katika orodha. Ati sisi tunajiweza. Watu wakapiga makofi, hebu fikiria. Wengine walipiga wakiangalia chini. Nani alisema tunajiweza? Niambie jina lake.

Kaveke wa Mwau


Mukuyuni,
16 Oktoba 2022

Susu,

Nawasalimu wewe na mtoto. Leo sina habari nyingine, acha niseme moja kwa moja.

Jina lake ni Kathini. Jedwali la Matinyani niliandika mimi. Nilijumlisha fomu sitini, nikaandika kwamba hali ya chakula ni nzuri, nikatia sahihi. Niliandika kile kilichojibiwa. Kama si kweli, bado ni mimi niliyekiandika.

Orodha inafungwa tarehe nne Novemba. Baada ya hapo magari yanapakiwa na hakuna kubadilisha.

Susu, nilikuuliza habari ya mbegu na ukanijibu habari ya mbwa. Nimeisoma barua yako mara nne nikiitafuta mbegu humo, haimo.

Kisha jana nilikuwa napitia daftari la Hamdi. Si ile simu, ni daftari lake mwenyewe, yeye huandika vitu ambavyo havina nafasi katika fomu. Kwa nyumba yako ameandika: "Bibi mkali, mkarimu. Juu ya meko kuna kamba nyingi za mkonge zimening'inia, hazina kitu. Sijui ni za nini." Hamdi kwao ni watu wa mifugo na duka, hawezi kujua. Mimi nimekua chini ya hizo kamba. Kila mwaka kufikia Septemba zilikuwa zimejaa mahindi ya mbegu mpaka hatuoni paa, na ulikuwa ukinichapa nikigusa hata gunzi moja.

Nikafungua kurasa nyingine. Ameandika habari ya kamba tupu katika nyumba nyingine tano alizokaribishwa jikoni. Kwingine kote aliulizia nje, mlangoni.

Mbegu zako ziko wapi, Susu?

Kathini


Matinyani,
22 Oktoba 2022

Kathini,

Kwa hivyo alikula chakula changu akiangalia juu. Na mimi nikamsifu adabu.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Ya pili nilitaka kuja Mukuyuni nikuchape mbele ya huyo Kimeu. Leo nimechoka, nitakuambia.

Mbegu tulikula.

Unajua mvua ya Machi haikufanya kitu. Julai hapakuwa na mavuno, palikuwa na mabua. Niliuza mbuzi, tukala mbuzi mpaka wakabaki hawa wawili ambao hata mnunuzi hawataki. Agosti, wiki ya kura, unga ukaisha. Zile mbegu za mavuno ya nyuma zilikuwa pale juu. Mtoto wako alikuwa amelala chali kwenye ngozi, akaangalia juu, akaniuliza, "Susu, mbona tuna chakula na hatukipiki?" Nikamwambia zile ni mbegu. Akasema, "Ndiyo, lakini ni mahindi." Ana miaka mitano tu.

Nilianza na zile za pembeni, karibu na ukuta, zisionekane zimepungua. Nilikuwa nateremsha magunzi mawili, na kamba naiacha pale pale nikisema nitaijaza tena. Mama yangu ile njaa ya themanini na nne alilala njaa chini ya mbegu zake, akaamka akazipanda. Sisi tulikula majani na tukaishi. Alikuwa mwanamke kunishinda. Mbegu zenyewe zilikuwa zake, zilitoka mkono wake zikaja wangu, kila mwaka nachagua gunzi refu lenye mistari iliyonyooka. Sasa zimekatika. Zimekatikia kwangu.

Ule muthokoi aliokula Hamdi ndio ulikuwa wa mwisho. Ulitaka nimwambie nini? Mgeni amekaa, akaniuliza kama tumelala njaa. Hatukulala. Hakuna neno la uongo nililosema. Kila jioni mtoto wako alikula. Alikula mavuno ya mwaka ujao, lakini alikula. Fomu yenu haikuuliza alikula nini.

Na tangu hapo tunakula anachotuma Mungu. Usiulize ni nini.

Sasa umejua. Usimwambie mtu. Mwanamke aliyekula mbegu hawezi kwenda kwa jirani kuomba mbegu, kwa sababu atamwuliza, zako umeziweka wapi? Na atajua. Na kanisani watajua. Mimi ndiye ninayewasema wengine kwa uvivu, Kathini. Miaka arobaini nimewasema. Ulitaka nianzie wapi?

Kaveke


Mtito Andei,
26 Oktoba 2022

Susu wangu,

Nimesomea barua yako kwenye benchi la hoteli hapa barabarani, malori yanapita, nikaona aibu kulia mbele ya madereva. Nilikuacha na mtoto wangu na sikuuliza mnakula nini. Niliwauliza watu elfu moja na mia mbili, wewe sikukuuliza.

Nimempa Mutisya unga kidogo pamoja na barua hii. Amepata mzigo hapa, kesho yuko Matinyani. Usiukatae.

Sikutaja jina lako. Nilimpigia Bwana Kimeu nikamwambia kuna nyumba iliyojibu "hakuna njaa" kwa sababu imekula mbegu. Akasema, "Kathini, nyumba moja ni hadithi. Niletee idadi." Nilikasirika, Susu, nikamkatia simu. Lakini nimelifikiria. Hapo ana haki. Barua yako imenionyesha kosa liko wapi katika swali letu, lakini haiwezi kuniambia kama ni wewe peke yako au ni kijiji kizima. Nikikosa la kwanza nauliza upuuzi. Nikikosa la pili hakuna atakayenisikiliza.

Ninahitaji nyumba zote sitini zijibu swali moja kabla ya tarehe nne. Hamdi anaweza kuwa kwenu Jumatatu. Mimi siwezi kutoka hapa mpaka fomu za Mtito Andei ziishe. Na hata Hamdi akifika, akiuliza "mmekula mbegu?" kila mwanamke atasema hapana. Wewe ulinificha mimi, wao watamwambiaje mgeni?

Nifundishe kuuliza. Sisemi kwa mzaha. Hilo sikufundishwa.

Na kuhusu barua yako: ukiniruhusu kuitumia, jina lako halitaonekana popote. Utaandikwa Mhojiwa Namba Kumi na Saba. Hiyo ndiyo sheria yetu, ya kuwalinda watu. Ukikataa, nitaichoma.

Kathini


Matinyani,
30 Oktoba 2022

Kathini,

Unga nimeupokea. Nilitaka kuurudisha, mtoto akaukalia.

Jana kulikuwa na mwethya. Unakumbuka, kila Jumamosi wanawake tunachimba terasi katika shamba la mmoja wetu kwa zamu. Jana ilikuwa zamu ya Nduku, yule wa mgongo. Tulikuwa kumi na wanne. Tulichimba kama waliofiwa, hakuna wimbo. Tunamchimbia mtu terasi ya kupandia na kila mmoja anajua moyoni hakuna cha kupanda, na kila mmoja anafikiri ni yeye peke yake.

Nilipochoka nikasimama ndani ya mtaro. Nikasema, "Mimi mbegu zangu nimekula."

Majembe yakasimama.

Nduku ndiye alijibu, na si kwa huruma. "Nani? Kaveke? Kaveke ambaye mwaka juzi aliniita mchwa kwa sababu nilipika kunde za mbegu?"

"Ndiyo mimi."

"Ukasema mwanamke anayekula mbegu atakula hata watoto wake?"

"Nilisema."

"Rudia basi, sikusikia vizuri. Simama pale juu urudie."

Nikapanda juu ya udongo na magoti haya, nikarudia. Umenifikisha hapo, mwana wa Muthoki. Nduku akaniangalia, akaketi chini kama gunia. Akasema, "Zangu zilimalizika kabla ya kura. Huo mgongo ni wa kutafutia pa kujificha." Tukamcheka, na yeye akacheka, halafu mwingine akasema zake, na mwingine. Kumi na mmoja katika kumi na wanne. Watatu waliobaki walinyamaza, mimi siwahesabu upande wowote.

Sasa sikiliza vile mtauliza; Hamdi akifika kesho nitampa barua hii aisome, kisha akuletee. Hamtauliza. Hamdi asimame mlangoni aombe maji ya kunywa. Maji humnyimi mtu, na maji yako jikoni. Aingie, anywe, aangalie juu, ashukuru, aende. Asitoe ile simu ndani ya nyumba. Aandike akishafika njiani. Wanawake wamekubali, na watawaambia wa vijiji vya upande ule. Mdomo wa mtu una haya, lakini paa la jiko halina. Na aangalie vizuri: kamba tupu ni nyumba iliyokula. Mahali ambapo hakuna kamba kabisa ni watu wa mbegu za dukani, hao waulizwe kwa njia nyingine, asiwachanganye na sisi. Kamba zikiwa zimejaa, aandike zimejaa, hata kama ni adui yangu. Tusije tukadanganya upande mwingine.

La mwisho. Hiyo Namba Kumi na Saba sitaki. Nimesimama juu ya udongo mbele ya wanawake kumi na watatu na jina langu, halafu wewe unanificha kwa Kimeu asiyenijua? Mwandikie Kaveke wa Mwau, wa Matinyani. Mwandikie na yale ya mama yangu. Kama kuna aibu nimeshaila, haijabaki ya kufichwa. Wengine wafiche, mimi niandike.

Kaveke wa Mwau


Mtito Andei,
6 Novemba 2022

Susu, shikamoo.

Hamdi alimaliza Alhamisi usiku. Alikunywa maji mpaka akaugua tumbo, amenituma nikuambie hivyo. Jikoni sitini: arobaini na nne kamba tupu. Saba zina magunzi machache. Tano zimejaa. Nne hazina kamba kabisa, na hao tuliwaacha kando kama ulivyosema.

Niliweka hesabu hiyo ukurasa wa kwanza na barua yako ukurasa wa pili. Kuhusu jina tulibishana mimi na Bwana Kimeu kwa saa nzima, akitaja sheria, mimi nikitaja ruhusa yako ya maandishi. Mwishowe akasema acha asome kwanza. Akasoma. Akarudi kwenye hesabu, akarudi tena kwenye barua. Jina lako hakuligusa. Akatia sahihi Ijumaa saa kumi, saa moja kabla ya kufunga.

Mmeingia katika orodha. Anasema gari litafika ndani ya wiki moja. Mimi sina uhakika, nimeona magari mengi ya wiki moja.

Nimeomba likizo ya Krismasi. Nitakuja.

Kathini


Matinyani,
4 Desemba 2022

Kathini mwana wa Muthoki,

Mtoto ni mzima, amekonda lakini anasumbua, kwa hivyo ni mzima. Nduku anawasalimu. Anajifanya sasa yeye ndiye alisema wa kwanza.

Mvua ilinyesha tarehe kumi mwezi uliopita, usiku kucha. Asubuhi ardhi ilikuwa nyeusi na laini, na kijiji kizima kikasimama mashambani mikono mitupu. Unajua ni kitu gani kuangalia ardhi iliyolowa na huna cha kuweka ndani? Mwaka wa jua unaangalia mbinguni, unamlaumu Mungu. Mwaka huu hatukuwa na wa kumlaumu ila tumbo. Siku ya tano watu wakaacha kwenda shambani, wakakaa ndani.

Gari lilifika tarehe ishirini na mbili. Siku kumi na mbili tangu mvua, Kathini. Nimehesabu, na mimi sipendi kuhesabu. Kwa mahindi tulikuwa tumechelewa, hata mtoto anajua. Kila nyumba ilipewa mahindi kilo mbili na ndengu kilo mbili. Mahindi yamepakwa dawa, ni mekundu kama peremende, na pakiti imechorwa fuvu la mtu. Nduku akasema, "Hawa wametujua. Wameleta ambazo haziliwi." Hakuna aliyecheka sana.

Nilipanda ndengu siku hiyo hiyo. Mahindi nilipanda nusu, ile nusu nyingine nimeiweka kwa Machi, Mungu akitufikisha. Kilikuwa kipande kidogo, lakini kilinimaliza, mistari mitatu ya mwisho niliipanda nikiwa nimepiga magoti. Ndengu zimeota. Ni nzuri, sitasema uongo. Mvua ikiongeza mara mbili tu, tutapata kitu. Isipoongeza, basi.

Mwambie Kimeu kazi yake imefanyika na imechelewa, yote mawili ni kweli. Mwambie mwaka mwingine aache watu waongee Julai, halafu ahesabu Agosti. Hasira nyingi sina, imebaki uchovu. Na wewe usijilaumu mpaka ukose kula, mmoja kati yetu ni lazima ale.

Sasa nikuambie neno ambalo sijawahi kuliandika wala kumwambia mtu, hata babu yako. Ndengu mpaka ziive ni Februari. Kati ya leo na hapo hakuna kitu katika nyumba hii. Ule unga uliotuma uliisha wiki iliyopita. Krismasi ni mbali.

Tuma unga. Mpe Mutisya, na umwambie asiushushe jioni kama mwizi. Aje mchana, asimamishe lori hapo njiani, watu wakiona.

Bibi yako,
Kaveke wa Mwau